Asilimia 43 ya kura, viti 80 kati ya 124: kura yangu ya Ontario ilienda wapi?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wa tisa naishi Mississauga. Niliapa uraia mwaka 2024, kwa hiyo uchaguzi wa Ontario wa Februari 27, 2025 ndio wangu wa kwanza Kanada. Nilitoka na theluji ile, nikasimama foleni, nikapewa karatasi. Sikuona jina la Doug Ford wala la kiongozi yeyote niliyemzoea kwenye televisheni. Vituo vikafungwa saa tatu usiku, na chai yangu haijapoa wakatangaza Ford kashinda. Kesho yake nasoma: asilimia 43 ya kura, viti 80 kati ya 124. Liberal asilimia 30, viti 14. NDP, chama cha New Democratic, asilimia 18 na nusu, viti 27, na eti wao ndio upinzani rasmi! Wa pili kawa wa tatu. Kiongozi wa Liberal mwenyewe kakosa kiti, jirani kabisa na kwetu. Mume wangu anasema hesabu hizi anazijua, zimepanda ndege kutoka nyumbani. Na kabla ya uchaguzi tulitumiwa hundi za dola 200 kila mtu. Kura yangu ilienda wapi? Nijisumbue tena siku nyingine? La mwisho: shemeji yangu ana ukaazi wa kudumu tu, bado si raia, lakini alitumiwa kadi ya mpigakura kwa posta akaenda akapiga. Kuna neno?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali matano ukayafunga kwenye kanga moja. Nitayafungua moja moja, ila sitafuata mpangilio wako, maana hilo la shemeji uliloliweka mwisho kama kitu kidogo ndilo zito kuliko yote. Nitalirudia tukiwa tumetulia.

Kwanza tuelewane kwa neno. Sisi wa Tanzania tukisema "jimbo" tunamaanisha eneo la mbunge mmoja. Wenzetu wa Kongo wakisema jimbo wanamaanisha mkoa mkubwa wenye gavana. Nimeona watu wakibishana mpaka usiku kumbe kila mmoja ana jimbo lake kichwani. Hapa Ontario yote nitaiita jimbo, na eneo la mbunge mmoja nitaliita eneo bunge, kama Wakenya. Na huyo mkuu wa serikali ya Ontario, yaani Doug Ford, nitamwita Waziri Kiongozi, cheo ambacho Zanzibar walikuwa nacho mpaka 2010.

Sasa, jina la Ford. Hukuliona kwa sababu halikuwepo, na halikupaswa kuwepo. Ford aligombea Etobicoke North, na ni wapigakura wa huko tu waliopewa karatasi yenye jina lake. Nyumbani ulizoea karatasi tatu: Rais, mbunge, diwani. Kenya ni sita. Hapa ni karatasi moja ya kiti kimoja, basi. Hakuna popote Ontario ambapo mtu humpigia kura Waziri Kiongozi. Watu huchagua wabunge 124, na kiongozi anayeungwa mkono na wengi ndani ya bunge hilo ndiye huitwa kuunda serikali. Kwa hiyo usiku ule Ontario haikuwa na uchaguzi mmoja. Ilikuwa na chaguzi 124 zilizofanyika siku moja. Ile asilimia 43 iliyokukosesha raha ni hesabu inayojumlishwa baadaye na magazeti na watu kama mimi. Sheria haiitumii kugawa hata kiti kimoja.

Hebu chukua kalamu. Tuna mitaa mitatu, kila mmoja una wapigakura 100, na vyama vitatu: A, B na C. Mtaa wa kwanza A kapata 40, B 38, C 22. Mtaa wa pili A 41, B 39, C 20. Mtaa wa tatu A 20, B 25, C 55. Anayeongoza anachukua mtaa, hata akiongoza kwa kura moja, na hata kama hajafika nusu. A kachukua mitaa miwili, C mmoja, B hana kitu. Sasa jumlisha kura: A ana 101, C ana 97, na B ana 102. B kapata kura nyingi kuliko wote na anarudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna aliyeiba. Kila mtaa umehesabiwa sawasawa mbele ya mawakala wote.

Liberal wa Ontario ndio hao B. Kura zao zilitapakaa kila mahali kama mchuzi mwepesi, hasa vitongoji vya kuzunguka Toronto, ambako walikuwa wa pili, wa pili, wa pili. Mississauga yenu ndiyo mfano ninaoutumia darasani. Mji una maeneo bunge sita, na yote sita yalikwenda kwa Wahafidhina wa Ford, ambao huku hufupishwa PC. Bonnie Crombie alikuwa meya wenu karibu miaka kumi, watu wakimjua kwa jina na kwa sura, akagombea Mississauga East—Cooksville na akashindwa kwa kura kama elfu moja na ushee. Aliyemshinda ni Silvia Gualtieri, mama mkwe wa Patrick Brown, meya wa Brampton. (Ndiyo, siasa za ukoo ziko huku pia. Mwambie mumeo.) Baadaye mwaka huohuo Crombie akatangaza kung'atuka.

Itazame kwa bei. PC walipata kura takriban milioni 2.16 na viti 80, kwa hiyo kila kiti kiliwagharimu kama kura 27,000. NDP walilipa elfu thelathini na kitu kwa kiti. Liberal, kwa kura zao milioni 1.5, walilipa zaidi ya 107,000 kwa kila kiti. Chama cha Kijani kilipata viti viwili, Guelph na Kitchener Centre, kila kimoja kwa bei ya zaidi ya kura 120,000. Soko moja, siku moja, bidhaa moja, bei nne.

NDP ndio C wa mfano wetu. Kura zao ni chache lakini zimekaa pamoja: katikati ya Toronto, Hamilton, London, na kule kaskazini kwenye migodi na misitu. Wanaposhinda wanashinda kweli, na pasipo na watu wao hawapotezi kura nyingi. Kaskazini kuna jambo jingine la kulijua. Maeneo bunge 111 ya kusini yalichorwa kwa kufuata mipaka ya shirikisho, yaani ya uchaguzi wa Kanada nzima, na yana watu wengi, lakini kaskazini kuna viti 13 kwa watu wachache mno, ili mbunge mmoja asiachiwe nchi nzima ya ziwa na theluji. Mfano ni Kiiwetinoong, ambako wakazi wengi ni wa Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa asili wa Kanada. Mbunge wake, Sol Mamakwa wa NDP, mwaka 2024 aliingia kwenye historia ya bunge la Ontario kwa kuhutubia kwa lugha ya kwao. Ukihesabu vichwa tu, kiti kile hakilingani na vingine kwenye mizani. Mimi nakitetea.

Upinzani rasmi nao huhesabiwa kwa viti, si kwa kura. Ndiyo maana Marit Stiles wa NDP ndiye Kiongozi wa Upinzani. Na wala si mara ya kwanza. Mwaka 2022 Liberal waliwapita NDP kwa kura kidogo sana, asilimia 23.9 kwa 23.7, wakaambulia viti 8 na NDP wakapata 31. Safari hiyo Liberal hawakuwa hata chama rasmi bungeni, kwa kuwa kiwango ni viti 12. Mwaka 2025 wamevuka, wana 14, na kwa hiyo wanapata bajeti ya watumishi na nafasi ya kuuliza maswali. Kwa macho yako ni kipigo. Kwa watu wao ni kutoka ukimbizini.

Nije kwa mume wako. Nampa haki yake kwamba ana sababu ya kushtuka, maana sisi tumelelewa kungoja matokeo siku kadhaa redioni, na yakija haraka tunasema yalipikwa jana. Waliotangaza dakika chache baada ya saa tatu ni vituo vya televisheni, si Elections Ontario, ambayo ndiyo tume. Vituo vina watu wa takwimu wanaolinganisha kura za mwanzo za kila eneo na za uchaguzi uliopita, na mwelekeo ukiwa wazi wanabashiri. Wanaruhusiwa kukosea. Hata hivyo kura ziliingia haraka kwa sababu vituo vingi vina mashine inayosoma karatasi. Karatasi yenyewe inabaki kwenye sanduku, na wakibishana inatolewa na kuhesabiwa mbele ya jaji. Ontario, tofauti ikiwa chini ya kura 25, kurudia kuhesabu ni lazima, mtu aombe asiombe.

Kama anadhani marudio hayo ni mchezo wa kuigiza, mpe kisa cha British Columbia, jimbo jingine la Kanada, Oktoba 2024. Chama cha NDP cha David Eby kilipata viti 47 kati ya 93, yaani wingi wa kiti kimoja. Kiti hicho kilikuwa Surrey-Guildford, na baada ya jaji kuhesabu upya mgombea wa NDP alikuwa mbele kwa kura 22. Ishirini na mbili! Msiba mmoja wa Kiswahili pale Surrey una watu zaidi ya hao. Serikali nzima ya jimbo ilisimama juu ya kura hizo.

Hundi ya dola 200 ni habari nyingine, na hapa sitamsafisha mtu. Kisheria haikuwa rushwa ya uchaguzi: ilitangazwa Oktoba 2024 kama sera ya serikali, fedha zilitoka hazina, na aliyempigia Ford na aliyemtukana walipata sawa. Lakini sisi tunalijua neno takrima. Tuliliweka kwenye sheria Tanzania mpaka Mahakama Kuu ikalifuta mwaka 2006, kwa sababu mstari kati ya ukarimu na kununua mtu haukuonekana. Hundi zilipoanza kufika Januari 2025, na mwezi huohuo Ford akaita uchaguzi ambao kwa kalenda ulikuwa ufanyike Juni 2026, wapinzani wakasema wazi kwamba posta imefanya kampeni. Ford alisema anahitaji ridhaa mpya ya wananchi ili akabiliane na ushuru wa Donald Trump. Amini unayemwamini. Mimi naona mambo yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Lakini kama kuna takwimu ya kukukosesha usingizi, si ile ya 43. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 45 ya wenye haki. Ukizidisha, serikali yenye viti 80 ilichaguliwa na takriban mtu mmoja katika kila watano walioruhusiwa kupiga kura. Baridi ilichangia, ndiyo, maana Ontario haikuwa imepiga kura katikati ya baridi tangu 1981. Ila mwaka 2022 ulikuwa Juni, jua linawaka, na walijitokeza wachache zaidi ya hapo.

Sasa, je, mfumo huu ni wa haki? Swali hili hukulitamka, ila liko chini ya kila mstari ulioandika. Wanaoutetea wana hoja. Una mbunge wako mmoja unayejua ofisi yake iko barabara gani. Serikali inapatikana usiku uleule bila mwezi wa kupatana. Na mwananchi akichoka anaweza kuwaondoa wote kwa mkupuo, kama Liberal walivyojionea mwaka 2018 walipotoka ikulu moja kwa moja hadi viti 7. Dhidi yake kuna visa ambavyo havina aibu. New Brunswick mwaka 1987 Liberal walipata asilimia 60 ya kura na viti vyote 58, bunge zima bila mpinzani hata mmoja. Québec mwaka 1998 Parti Québécois walizidiwa kura na Liberal na bado wakapata viti 76 kwa 48. Na kwetu Afrika, Lesotho mwaka 1998 chama kimoja kilichukua viti 79 kati ya 80 kwa kura kama asilimia 60, mji wa Maseru ukaungua, majeshi ya Afrika Kusini yakaingia, na baada ya hapo wakabadili mfumo.

Njia ya kati ipo, na wewe umeshaiona bila kuiita hivyo. Viti maalum vya wanawake Tanzania hugawiwa vyama kwa kadiri ya kura zao za ubunge nchi nzima, kwa chama kilichofikisha asilimia 5. Hiyo ni chembe ya uwiano ndani ya mfumo wa mshindi achukue chote. Ontario waliletewa kitu cha aina hiyo kwa ukubwa zaidi kwenye kura ya maoni ya Oktoba 2007, na asilimia 63 wakakataa. Naamini wengi walikataa kwa kuwa hawakuelezwa, maana ni vigumu kuuza mashine ambayo muuzaji mwenyewe haijui. Lakini walikataa, na tangu hapo anayeshinda kwa mfumo wa zamani hana hamu ya kuubadili. Usiusubiri.

Kwa hiyo ufanye nini? Watu watakushauri kura ya kimkakati, yaani umpe mgombea usiyempenda sana ili kumzuia usiyempenda kabisa. Kwa Mississauga ina mantiki, kwa sababu mara nyingi mbio ni za watu wawili. Shida ni kwamba unahitaji kujua hali ya eneo bunge lako mwenyewe, na tafiti za maoni zinazotangazwa ni za jimbo zima. Nimeona watu wakikimbilia mgombea "mwenye nafasi" kumbe alikuwa wa tatu. Ukipiga kwa moyo wako nako hutupi kura moja kwa moja: Ontario huvipa vyama ruzuku ya umma kulingana na idadi ya kura, vikishafikisha kiwango. Na ukiona wote hawafai, sheria hapa inakuruhusu kuikataa karatasi mezani. Unairudisha kwa msimamizi, unasema unakataa, na inaandikwa peke yake, haichanganywi na zilizoharibika. Nimewahi kukaa nyuma ya meza hiyo. Mtu akifanya hivyo chumba kizima kinanyamaza.

Ila nguvu halisi iko mapema zaidi, kwenye uteuzi wa wagombea ndani ya vyama. Kule watu mia chache huamua nani asimame kwenye eneo bunge lenye watu laki moja na zaidi. Jumuiya za Wapunjabi na Watamil wameligundua hilo zamani. Sisi tunajaza ukumbi kwa harusi, kwa uteuzi hatuonekani. Na vyama vingi humkubali mkaazi asiye raia, hata kijana ambaye hajafika miaka 18, kuwa mwanachama na kupiga kura ya ndani. Soma masharti ya kila chama.

Tena usichanganye Liberal wa Ontario na wale wa Ottawa, kwenye serikali kuu ya Kanada. Jina moja, nyumba mbili. Miezi miwili baada ya uchaguzi wenu, Aprili 28, Mississauga hiyohiyo ikawapa ushindi Liberal wa shirikisho wa Waziri Mkuu Mark Carney. Hospitali, shule na leseni ya gari ni za Ford. Uhamiaji ni Ottawa.

Na uhamiaji ndio unaonirudisha kwa shemeji yako. Kuna neno, mdogo wangu, tena kubwa. Kupiga kura ya jimbo Ontario ni haki ya raia wa Kanada mwenye miaka 18 anayeishi Ontario. Ukaazi wa kudumu hautoshi, hata ukikaa miaka thelathini na kulipa kodi zote. Kadi ile ya posta si ruhusa. Inatoka kwenye daftari linalokusanywa kutoka sehemu mbalimbali za serikali, na daftari hukosea. Kupiga kura bila haki ni kosa, na sheria humbana zaidi anayepiga huku akijua hana haki, na wewe unasema alikwenda kwa nia njema. Lakini mpaka kati ya kutojua na kutouliza si mimi wa kuuchora, wala si wewe, wala si yule rafiki yake anayejua kila kitu. Jambo hili linaweza kuibuka atakapoomba uraia.

Kwa hiyo asiandike barua kwa tume leo, asijaze fomu ya uraia kesho, na popote atakapoulizwa asiseme uongo. Kosa la kukosea na kosa la kudanganya havilingani. Aonane ana kwa ana na wakili wa uhamiaji, au kama kipato ni kidogo, aende kliniki ya msaada wa kisheria ya jamii iliyo karibu naye, ambako ushauri ni bure. Aende na ile kadi kama hakuitupa, na kadi yake ya ukaazi. Kama Kiingereza chake hakijakaa sawa aombe mkalimani wa Kiswahili anapopiga simu kuweka miadi, asimchukue mtoto wa miaka kumi na miwili kumtafsiria mambo ya sheria. Na wewe msindikize, lakini ubaki nje ya mlango: anachomwambia wakili ni siri yao wawili, na akiona uso wa shemeji yake pale ndani huenda akaona haya kusema yote.